Afya imo katika chakula cha Jumanne

Msomaji, mwulize Mfaransa yeyote anayeishi mbali na kwao, awe hapa Nairobi, awe Montreal au London, ni chakula gani cha utotoni anachokitamani zaidi. Hatakawia kukujibu. Atakutajia nyama ya ndama iliyopikwa kwa mchuzi mweupe wa malai. Atakutajia gratin dauphinois, yaani viazi vilivyookwa polepole katika maziwa na malai, na pai ya matofaa aliyokuwa akiipika nyanyake. Ukimsikiliza kwa makini utagundua jambo moja: karibu vyakula vyote alivyovitaja ni vya Jumapili na vya sikukuu.

Rai yangu ni kwamba jambo hilo dogo lina uzito mkubwa kwa afya. Kumbukumbu ya mtu aliye ugenini huhifadhi chakula cha Jumapili na kukisahau cha Jumanne, ilhali afya ya familia ilitegemea zaidi kile cha Jumanne. Asipolitambua hilo, hamu ya nyumbani yaweza kumletea unene, shinikizo la damu na kisukari. Na daktari asiyelitambua atamwandikia mgonjwa orodha ya marufuku ambayo haitafuatwa hata juma moja.

Kwanza, tusiidharau hamu yenyewe. Mnamo 1688 daktari kijana Johannes Hofer, mzaliwa wa Mulhouse, mji ambao leo uko Ufaransa, aliandika tasnifu huko Basel kuhusu maradhi ya kutamani nyumbani na kuyapa jina la nostalgia. Siku hizi hatuihesabu hali hiyo kuwa ugonjwa, lakini tunajua ni kwa nini chakula huiamsha upesi. Neva za kunusa hupeleka habari karibu moja kwa moja hadi sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu, bila kupitia kwanza kituo ambacho habari za macho na masikio hupitia. Ndiyo sababu harufu ya siagi kikaangoni yaweza kumtoa mtu mzima machozi kabla hajajua analilia nini.

Mafunzo hayo ya pua huanza hata kabla ya kuzaliwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2000, Benoist Schaal na wenzake nchini Ufaransa waliwachunguza watoto wachanga ambao mama zao walikula vitu vyenye anisi, kiungo cha harufu tamu, katika siku za mwisho za uja uzito. Watoto hao walivutiwa na harufu ya anisi muda mfupi baada ya kuzaliwa. Wale ambao mama zao hawakuila waliichukia au hawakuijali. Kwa hivyo mgonjwa akikwambia, "Daktari, chakula hiki kimo ndani yangu," hatii chumvi.

Wafaransa wenyewe wana mfano mashuhuri wa jambo hili. Mwandishi Marcel Proust, ambaye babake, Adrien Proust, alikuwa daktari aliyejulikana kwa kazi yake dhidi ya kipindupindu, alichapisha sehemu ya kwanza ya riwaya yake kubwa mwaka wa 1913. Humo mtu mzima anaonja keki ndogo ya madeleine iliyochovywa katika chai, na papo hapo utoto wake wote unamrudia. Lakini wasomaji wengi hupitwa na jambo moja: keki hiyo alikuwa akipewa na shangaziye asubuhi ya Jumapili. Hata Proust hakukumbuka Jumanne.

Haya, hiyo Jumanne ilikuwaje? Hebu tuingie katika nyumba ya kawaida ya Kifaransa ya miaka ya 1960 au 1970. Panapo saa sita na nusu au saa saba mchana chakula huanza kwa mboga: karoti zilizokunwa na kutiwa siki na mafuta kidogo, au bitiruti, au nyanya. Hufuata sahani moja isiyo kubwa: kamande zilizopikwa na karoti, au samaki, au kipande cha nyama pamoja na maharagwe mabichi. Kisha huja kipande cha jibini au mtindi, na tunda. Saa kumi alasiri watoto hupewa mkate na kipande cha chokoleti, basi. Usiku ni supu ya liki na viazi. Baina ya saa hizo hakuna anayepitapita jikoni akitafuna.

Hata pot-au-feu, ile nyama ya ng'ombe inayochemshwa kwa saa tatu au nne pamoja na karoti, liki na vitunguu, ilikuwa na hesabu yake. Mchuzi ulinywewa kwanza kama supu, nyama na mboga zikafuata, na masalio yalikatwakatwa siku ya pili na kufunikwa kwa viazi vilivyopondwa. Chungu kimoja kililisha familia siku mbili, na mboga zilijaa humo kuliko nyama.

Nani aliye ugenini huzililia karoti za kukunwa? Hakuna. Anayekaa peke yake katika nyumba ya kupanga, kazi ikiwa imemchosha, hupika kile kinachomrudisha kwao haraka, nacho ni viazi vya malai. Kile kilichopikwa mara moja kwa juma na kugawiwa watu wanane, sasa hupikwa mara tatu na kuliwa na mtu mmoja, saa nne za usiku, mbele ya runinga. Chakula ni kilekile cha nyanyake, lakini mpango wa nyanyake haupo.

Mpango huo ni jambo la kupimika. Uchunguzi wa taasisi ya takwimu ya Ufaransa, INSEE, wa mwaka wa 2010 ulionyesha kwamba saa saba mchana nusu ya Wafaransa walikuwa wakila. Kwa siku nzima, muda wao wa kula na kunywa hupita saa mbili, wakati Wamarekani hutumia kama saa moja. Mwaka wa 2003 Paul Rozin na wenzake walipima vyakula katika mikahawa inayolingana mjini Paris na Philadelphia, wakakuta kwamba kipimo cha Philadelphia kilizidi kwa takriban asilimia 25. Mfaransa hukaa mezani muda mrefu zaidi na hupakuliwa kidogo. Mwaka wa 2010 shirika la UNESCO liliuweka mlo wa sherehe wa Wafaransa katika orodha ya urithi wa utamaduni, na lililosifu ni jinsi watu wanavyokutana na kula kwa utaratibu, si siagi.

Yamkini wewe msomaji umewahi kusikia ile habari kwamba Wafaransa hula mafuta na mioyo yao isidhurike kwa sababu wanakunywa mvinyo mwekundu. Ilienea kote duniani baada ya kipindi cha televisheni cha Marekani cha mwaka wa 1991, na mwaka uliofuata mwanasayansi Serge Renaud aliandika juu yake katika jarida la Lancet. Wengi waliipokea kama ruhusa ya kunywa. Hivi leo ushahidi umegeuka, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya.

Ajabu ni kwamba Renaud huyohuyo, pamoja na Michel de Lorgeril, walifanya kazi nyingine kule Lyon iliyochapishwa mwaka wa 1994. Wagonjwa 605 waliokwisha kupata mshtuko wa moyo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliambiwa lile mboga zaidi, mkate zaidi na samaki zaidi, lisikose tunda siku hata moja, lipunguze nyama nyekundu, na liache siagi na malai kwa mafuta ya namna nyingine. Vifo na mishtuko mipya vilipungua sana katika kundi hilo. Lakini umma uliisahau Lyon, ukaukumbuka mvinyo. Kwa mara nyingine Jumapili ilikumbukwa na Jumanne ikasahaulika.

Wala si kila cha utotoni kinafaa kuhifadhiwa. Zamani, watoto wa shule za Ufaransa waliweza kunywa mvinyo uliotiwa maji wakati wa chakula cha mchana, hadi serikali ilipopiga marufuku pombe kwa walio chini ya miaka 14 katika kumbi za chakula za shule mwaka wa 1956. Wako wazee wanaozikumbuka bilauri hizo kwa tabasamu. Hiyo ni kumbukumbu ya kusimulia, si ya kurudiwa. Na hao walio nyumbani Ufaransa wasijidanganye kwamba kuzaliwa huko ni kinga. Mwaka wa 1997 watu wazima wenye unene wa kupindukia walikuwa asilimia 8.5, na kufikia 2020 walikuwa asilimia 17. Jumanne inapotea hata kwao.

Kwa hivyo nawaomba madaktari wenzangu, kabla ya kumpa mgonjwa mgeni orodha ya lishe, wamwulize maswali mawili. La kwanza: ulipokuwa mtoto, chakula ukipendacho kilipikwa mara ngapi kwa mwezi? La pili: siku ambazo hakikupikwa, mlikula nini? Jibu la swali la pili, aghalabu, ndilo dawa, nalo limeandikwa kwa lugha ya mama yake. Ni rahisi zaidi kumrudisha mtu kwenye supu ya liki aliyoijua kuliko kumfundisha chakula kigeni kilichochapishwa kwenye karatasi ya hospitali.

Nawe uliye ugenini, usiviache viazi vya malai. Viache Jumapili, na usivile peke yako. Alika jirani, tandika meza, pakua kidogo, mkae mzungumze. Siku nyingine anza na mboga, maliza kwa tunda, na jikoni pakishafungwa pafungwe. Ikiwa unatumia dawa za kisukari au za shinikizo, usibadilishe saa za kula kabla ya kumwona daktari wako.

Labda utasema, haya ya Ufaransa yanatuhusu nini sisi? Wengi wa wanaosoma ukurasa huu wamekulia mashambani, ambako chapati ililiwa Krismasi au mgeni alipokuja, na githeri, viazi vitamu na mboga za kienyeji zilijaza siku nyingine zote. Mjini, chapati imekuwa ya kila siku, soda imekuwa ya kila siku, na mboga ya managu ndiyo imekuwa ya kutafutwa. Kesho ni siku ya kazi kama nyingine. Mpigie simu mama au shangazi, umwulize mlikuwa mkila nini siku za kazi, kisha upitie sokoni ukirudi nyumbani.