Matatu si hatari kama kuachwa na matatu

Hili swali haliishi: mtoto wa miaka 13 au 14 apande matatu peke yake? Mzazi wa Diani mwenye gari atakwambia haiwezekani, dunia imeharibika. Mzazi wa Mwabungo atakucheka, manake wake alianza kupanda akiwa na miaka 9, na hakuna aliyemuuliza kama iko salama. Ilikuwa ni hivyo au asisome.

Jibu langu: apande. Tena ningependa apande matatu asubuhi na jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mtoto aliye ndani ya gari hanitishi sana. Anayenitisha ni yule aliyeachwa stejini.

Subirini nieleze kabla hamjanirukia.

Barabara yetu ni moja. Kutoka Likoni unapita Ng'ombeni, Waa, Kombani, Tiwi, Ukunda, halafu Gazi, Msambweni, Ramisi, mpaka Lunga Lunga mpakani. Hiyo ndiyo lami yenyewe, na matatu zinafuata lami. Lakini nyumba nyingi haziko kwenye lami. Ziko ndani, kwenye njia ya mchanga au ya mawe, na huko anayefika ni boda. Kwa hivyo kijana wa Kwale akisema "naenda shule", mara nyingi anamaanisha safari mbili: kipande cha matatu na kipande cha boda. Sisi tunabishana kuhusu hicho cha kwanza, na hicho cha pili tunakinyamazia.

Sisemi matatu ni peponi. Pwani tunajua chombo kibovu kinafanya nini. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wakafa watu 272. Wazee wetu mpaka leo wakipanda feri wanatafuta mlango kwanza. Lakini kwa chombo, angalau kuna kitu tulijifunza: sheria ikikazwa, mambo yanabadilika. Februari 2004, mimi nikiwa bado wa kubebwa, waziri John Michuki alilazimisha matatu zote ziwe na mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano, na sare kwa dereva na makanga. Watu walisema haiwezekani. Siku za kwanza watu walitembea kwa miguu. Halafu gari zikarudi barabarani, zikiwa na mikanda.

Sasa tuje kwa makanga na hesabu yake.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu, mwanafunzi amesimama stejini na sare yake. Tuseme mtu mzima analipa hamsini, mwanafunzi analipa ishirini. Gari ina viti 14. Makanga kila jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri, mafuta yamepanda, na polisi nao unajua. Kila kiti anachompa mwanafunzi ni thelathini imeondoka. Kwa hivyo anasema ile sentensi ambayo kila aliyesoma huku anaijua: "Wanafunzi ngojeni gari ya nyuma." Gari ya nyuma nayo inasema hivyo hivyo. Jioni ndiyo mbaya zaidi. Shule imetoka saa kumi, saa kumi na mbili na nusu mtoto bado amesimama, giza linaingia, na simu hana.

Hapo ndipo boda anasimama. "Twende, utanilipa siku nyingine."

Hiyo sentensi ningeiandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa kila steji kutoka Ukunda mpaka Msambweni. Mtu mzima akiisikia anasikia msaada. Msichana wa miaka 14 anapaswa kusikia deni, na deni ambalo bei yake haikutajwa. Wiki ya kwanza ni lifti. Ya pili ni lifti na chipsi. Ya tatu ni namba ya simu, na ya tano kuna mtu anamwambia, "Kwani wewe unadhani mafuta naokota?"

Na yule msichana hajisikii kama ametekwa. Anajisikia kama anadaiwa. Ndiyo maana haambii mtu. Atamwambia nini mamake, kwamba kwa mwezi mzima amepanda bila kulipa?

Kisheria hapa hakuna mjadala. Chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema ukimnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15, jela si chini ya miaka 20. Wa miaka 16 au 17, si chini ya 15. Hakuna sehemu iliyoandikwa "isipokuwa kama alikubali" wala "isipokuwa kama alikuwa anadaiwa nauli". Lakini sote tunajua kesi nyingi zinaishia wapi: kwenye mkeka, wazee wameketi, pesa kidogo, na msichana ndiye anayehama shule.

Najua mabodaboda watasema nawachafua. Hapana. Wengi ni ndugu zetu, ni watu tuliosoma nao, wengine waliacha shule kama mimi nilivyoacha chuo. Boda ndiye anayemkimbiza mama mjamzito hospitali ya Msambweni usiku wa manane wakati hakuna gari nyingine. Shida yangu si mtu, ni namna safari yenyewe ilivyo. Kwenye boda mko wawili, njia ni ya minazi, na hakuna shahidi. Kwenye matatu kuna watu wengine 13 wanaoona. Hiyo ndiyo sababu namtaka mtoto ndani ya matatu.

Sasa swali gumu: hao 13 wakiona, wanafanya nini?

Maana watu wengi peke yake si usalama. Mwaka 2014 Nairobi, mwanamke alivuliwa nguo stejini mchana kweupe, watu wamejaa, na wengine walikuwa wanarekodi. Wanawake wakaandamana Novemba hiyo, na kabla mwaka kuisha Bunge lilikuwa limepitisha kifungu cha sheria: kumvua mtu nguo kwa nguvu ni jela si chini ya miaka 10. Umati ulikuwepo. Watu wazima ndio hawakuwepo.

Na huku kwetu kuna kitu kidogo tunakifanya kila siku tukiona ni cha kawaida. Gari imejaa, makanga anasukuma msichana wa darasa la saba ndani, halafu anasema, "Mzee, mpakate huyo." Msichana wa miaka 13 anawekwa kwenye mapaja ya mwanamume asiyemjua, kutoka Ukunda mpaka Gazi, na gari nzima imekodolea simu. Nimeiona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mara ya mwisho mama mmoja aliyekuwa amebeba ndoo ya samaki alisema kwa sauti, "Huyo si mtoto wa kupakatwa, mleteni hapa," akasogea, akambana upande wake. Ilichukua sekunde tano. Hakuna aliyepigana. Makanga alinung'unika, gari ikaenda.

Wavulana nao wasisahaulike. Wao tunawaona wanaume wakiwa na miaka 12, kwa hivyo wananing'inia mlangoni, wanapakiwa mishikaki watatu kwenye pikipiki moja wakati sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Na wao pia wanashikwashikwa, ila mvulana akisema anachekwa. Sheria ya 2006 inamlinda yeye sawa na dadake.

Kwa hivyo tufanye nini? Sitaki kumpa mtoto orodha ya mambo ishirini ya kuogopa. Mzigo si wake. Nina mambo manne kwa watu wazima.

Moja, sacco. Tangu kanuni za NTSA za 2014, matatu lazima iwe chini ya sacco au kampuni yenye angalau gari 30, na jina linaandikwa kwenye gari. Maana yake kuna ofisi na kuna mwenyekiti. Kila gari ichukue wanafunzi wawili kabla ya kutoka stejini, asubuhi na jioni. Wawili tu. Hasara ikigawanywa kwa gari zote, hakuna tajiri atakayelala njaa.

Mbili, shule na wazazi. Ongeeni na sacco, nauli ilipwe kwa wiki kwa M-Pesa, mtoto asisimame barabarani akibembeleza. Feri ya Likoni ukivuka kwa miguu hulipi, na ndiyo maana hakuna mtoto anayeachwa ng'ambo kwa sababu ya shilingi ishirini. Inawezekana, tukitaka.

Tatu, steji za boda. Mna viongozi, mnajuana kwa majina, mwenzenu akiiba pikipiki mnampata kabla ya magharibi. Basi wekeni kanuni moja: mwanafunzi hadaiwi. Kama hana nauli, mzazi anapigiwa simu hapo hapo, spika ikiwa wazi. Anayekopesha watoto wa shule, mwondoeni.

Nne, sisi abiria. Tuliambiwa mtoto wa mwenzio ni wako. Basi ukiona "mpakate huyo", ongea. Ukiona gari imekataa wanafunzi, mwambie makanga awachukue, na kama una thelathini, ongezea.

Na wewe wa miaka 14 unayesoma hii ukiwa umesimama stejini: hudaiwi mwili na mtu yeyote kwa sababu ya nauli. Hata kama umepanda bure mwezi mzima. Hata kama ulikula chipsi. Hilo ni deni la mtu mzima aliyejua anachofanya. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, na kama hayupo, piga 116. Ni bure, mchana na usiku.

Kwa hivyo mzazi wa Diani, acha kuniuliza kama matatu ni salama kwa mtoto wako. Wako ana gari. Niulize huyu wa Gazi atapata kiti saa ngapi.