Ufizi Hufunga, Jino Halirudi
Mitaani kwetu Temeke na Kinondoni wako watoto wachanga ambao, wakiharisha na kushikwa na homa, huambiwa wana “meno ya plastiki”. Ufizi hupasuliwa, na hicho kitolewacho ni chipukizi la chonge. Baada ya siku chache wazazi hawaoni hata kovu, hudhani hapakuharibika kitu. Ndivyo kinywa kilivyo: seli za utando wake hufunika kidonda upesi, na seli zifumazo nyuzi hazirundiki kovu nene kama zifanyavyo katika ngozi. Lakini chonge iliyong’olewa hairudi, na ya ukubwani huweza kuharibika. Wengine hufa kwa kuvuja damu na kuingiwa na vijidudu. Twawasihi, mtoto mgonjwa apelekwe zahanati, asipelekwe kwa mwenye kisu.