Madafu kwa Mgonjwa wa Figo

Mtu wa Unguja akienda kumtazama mgonjwa haendi mikono mitupu. Aghalabu huchukua madafu mawili matatu, na mgonjwa huyapokea kwa furaha. Desturi hii ni njema, wala hatuandiki kuipinga. Lakini yuko mgonjwa mmoja ambaye dafu hilo hilo laweza kumdhuru, naye ni yule ambaye figo zake zimedhoofika sana. Sababu yake imo ndani ya mwili, mahali padogo kabisa.

Mwili umejengwa kwa chembe hai ziitwazo seli, na kila seli imezungukwa na utando mwembamba. Nje ya utando huo iliyo nyingi ni sodiamu, ile iliyomo katika chumvi yetu ya kupikia. Ndani iliyo nyingi ni potasiamu, ambayo huishinda ile ya nje kiasi cha mara 30. Utando una vijitundu, na seli inapopumzika vijitundu vilivyo wazi aghalabu hupitisha potasiamu. Sodiamu haipati njia ila kidogo. Basi potasiamu huchirizika kwenda nje, na kwa kuwa ina umeme wa chanya, huacha ndani upungufu. Upungufu huo nao huivuta irudi, hata mivutano miwili ikakaribia kulingana. Hapo ndani ya seli hubaki umeme wa hasi, upatao milivolti 70 katika mishipa ya fahamu na 90 katika misuli ya moyo. Haufiki hata sehemu ya kumi ya nguvu ya betri ya tochi, na juu yake ndipo linaposimama kila pigo la moyo.

Je, mbona potasiamu haiishi ndani? Katika utando mna pampu ambayo kila mzunguko hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, usiku na mchana, kwa nguvu ya chakula tunachokula. Jens Skou wa Denmark aliigundua mwaka 1957 katika mishipa ya fahamu ya kaa, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Kisiwa chetu kina kumbukumbu inayohusiana na pampu hiyo. John Kirk, daktari aliyefika Unguja mwaka 1866, akawa balozi wa Uingereza na kupanda bustani Mbweni, hapo kabla alisafiri na Livingstone katika mto Zambezi. Mswaki wake ulikaa mfukoni pamoja na sumu ya mishale iitwayo kombe. Alipopiga mswaki alihisi uchungu mdomoni, kisha akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Leo yajulikana ya kuwa sumu ile, na ile ya msunguti waliyopaka mishale yao wawindaji wa pwani ya Kenya, huifunga pampu hiyo hiyo.

Figo haziifungi pampu zinapodhoofika, lakini huharibu mizani kwa njia nyingine. Kazi yao moja ni kutoa katika mkojo potasiamu iliyozidi. Zikishindwa, potasiamu hujaa katika damu, yaani nje ya seli. Tofauti ya ndani na nje hupungua, na umeme wa mapumziko hupungua nao. Moyo hupiga ovyo, na waweza kusimama, pengine bila ya maumivu ya kumwonya mtu.

Sasa turudi kwenye dafu. Glasi moja ya robo lita ina potasiamu ipatayo miligramu 600, zaidi ya ndizi nzima. Mwenye figo nzima huitoa asijue. Kadhalika tende za futari, na zile chumvi za dukani zinazouzwa badala ya chumvi ya kawaida, ambazo nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. Mbatata na muhogo vikimenywa, vikakatwa vipande vidogo, vikachemshwa kwa maji mengi na maji yakamwagwa, potasiamu yake hupungua.

Hatusemi kila mwenye maradhi ya figo amekatazwa. Kipimo cha damu ndicho kiamuzi, na daktari ndiye wa kuulizwa. Anayekwenda kumtazama na awaulize kwanza watu wa nyumbani, na akiwa hana la kuchukua, kipande cha nanasi kina potasiamu kidogo kuliko ndizi.