Mumias: Kikulacho ki nguoni mwako

Mpwani akifika Mumias, kaunti ya Kakamega, hajihisi mgeni sana. Misikiti ipo, salamu ni zile zile, na historia inasema wafanyabiashara wa kwetu walifika kwa Nabongo Mumia kabla ya reli kufika Kisumu. Mimi nilipopita huko, kilichonisikitisha ni habari ya kiwanda.

Kampuni ya Sukari ya Mumias ilianza kusaga miwa mwaka 1973, ikawa kubwa kuliko zote nchini. Mwaka 2001 iliingia Soko la Hisa la Nairobi, na Wakenya wengi wakanunua hisa. Ilijenga hata mtambo wa umeme wa megawati 38 kwa kutumia makapi ya miwa. Kwa ufupi, haikukosa ardhi, wakulima wala maarifa.

Ilikosa uangalizi. Mwaka 2013 yaliibuka madai kwamba sukari ya kutoka nje iliingizwa kwa mlango wa kampuni yenyewe, na wakuu kadhaa wakaondolewa. Serikali, iliyokuwa na asilimia 20 ya hisa, ilimimina mabilioni ya walipa kodi kuiokoa. Kufikia 2018 hasara ya mwaka mmoja ilipita shilingi bilioni 15. Mwaka 2019 benki ya KCB, iliyokuwa ikiidai, ikaiwekea msimamizi wa mali, na hisa zikasimamishwa sokoni. Kampuni ya Sarrai ilipokodishwa kiwanda mwishoni mwa 2021, kesi zikafuatana mahakamani.

Tunaambiwa sukari yetu haiwezi kushindana kwa sababu ya sukari rahisi ya nje. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kenya ilikuwa ikiomba nchi za COMESA zitupe muda wa kujipanga, na muda ulipoisha tuliomba mwingine. Ukuta huo ulikusudiwa kumlinda mkulima. Lakini ukimlinda mtu na mwizi wa nje, na mwizi mwingine yumo ndani ya nyumba, umemlinda nani? Mkulima akicheleweshewa malipo hung'oa miwa akapanda mahindi. Kiwanda kikikosa miwa, kila kilo ya sukari inapanda gharama, na anayelipa ni mama anayenunua sukari ya chai Likoni au Malindi.

Sisi wa Pwani tusiyatazame haya kama ya bara. Kiwanda cha Ramisi, Kwale, kilifungwa 1988, na wenyeji wanajua miaka waliyokaa bila soko la miwa.

Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, kwa miaka 30. Huenda ni hatua njema. Lakini kubadilisha mpangaji si kutengeneza nyumba. Mikataba iwekwe wazi, wakulima wawe na viti vya kweli kwenye meza ya maamuzi, hesabu zikaguliwe na kutangazwa kwa wakati, na mkurugenzi aliyekula arudishe. Kuondolewa kazini pekee si adhabu. Wengine huondoka na shibe yao.

Sheria tunazo, na miongozo ya uongozi wa kampuni ipo. Tulichokosa ni kuogopa amana. Mali ya watu ni amana, na aliyeichezea asipoulizwa, anayemfuata hujifunza kwake.