Fosforasi Imo Shambani, Imefungwa

Mkulima wa Kitale au Bungoma, nchini Kenya, anayeweka mbolea ya DAP kila msimu na bado akaona majani ya mahindi yakigeuka zambarau kwa njaa ya fosforasi hulaumu mbegu, mvua au mbolea bandia, na sakata ya mbolea bandia ya 2024 ilimpa sababu ya kushuku. Lakini hata mbolea halali huacha deni udongoni, na deni hilo huhesabiwa kwa atomu. Mmenyuko wa kikemikali hauumbi atomu wala hauziangamizi: hukata vifungo vya zamani na kufunga vipya. Gunia la kilo 50 la DAP lina kilo 9 za naitrojeni, na kila atomu yake imeshikana na haidrojeni nne. Bakteria wa udongoni huvivunja vifungo hivyo, wakaiunganisha na oksijeni tatu iwe naitreti inayonyonywa na mizizi. Zile haidrojeni nne je? Mbili huishia kwenye maji. Mbili hubaki huru, na hizo ndizo asidi. Miaka ikipita, alumini iliyokuwa imetulia huyeyuka, hudumaza mizizi, kisha ikishirikiana na chuma huikamata fosforasi tuliyoinunua kwa pesa nyingi. Haijaenda popote. Mmea ndio hauwezi kuifungua.

Kwa hiyo ruzuku ya mbolea iliyoshusha gunia hadi shilingi 2,500 mwaka 2023 ni nusu ya kazi iwapo chokaa ya shambani haipewi uzito uleule. Kabonati iliyomo ndani yake hunasa haidrojeni mbili, zikatoka kama maji na kaboni dioksidi: idadi ileile iliyoachwa na atomu moja ya naitrojeni. Wapo watakaosema chokaa ni mzigo mzito na nauli yake humshinda mwenye ekari moja. Ni kweli, na ndiyo sababu hasa ya kuitolea ruzuku. Tena ikiwekwa mara moja hufanya kazi misimu kadhaa. Wengine watasema turudi kwenye samadi. Samadi ni nzuri, na hupunguza makali ya asidi, ila naitrojeni yake hupita mikononi mwa bakteria walewale, na wao hawaulizi ilitoka zizini au kiwandani. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba chokaa ikizidi huifungia mimea zinki. Dawa yake ni kupima udongo kwanza: pH ikiwa chini ya 5.5, mkulima apewe chokaa kwenye ghala lilelile la bodi ya nafaka, NCPB, anapochukulia DAP, kabla ya mvua za Machi.