Janga jingine lisiwapate wahudumu wa meno gizani

WAKENYA wanapokumbuka Machi 13, 2020, siku serikali ilipotangaza kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini, aghalabu huwafikiria madaktari na wauguzi waliohudumia mahututi. Ni nadra kusikia wakitajwa madaktari wa meno na wasaidizi wao. Ilhali wao pia walipitia kipindi kigumu cha kukosa uhakika, na mafunzo yake hayafai kupuuzwa.

Kiini cha hofu yao kilikuwa kazi yenyewe. Mgonjwa wa meno hawezi kuvaa barakoa akitibiwa. Daktari humwinamia karibu na kinywa, huku mashine ya kutoboa jino ikirusha maji yanayochanganyika na mate na kuwa ukungu unaoelea hewani. Wakati ambapo umma ulihimizwa usikaribiane, wahudumu hawa hawakuwa na namna ya kujitenga na wagonjwa wao.

Mashaka yaliyowakumba yalikuwa ya aina mbili. Ya kwanza yalihusu sayansi. Je, barakoa ya kawaida ilitosha? Chumba kilihitaji muda gani kabla ya mgonjwa mwingine kuingia? Hapa hakuna wa kulaumiwa, kwani virusi vilikuwa vipya.

Aina ya pili ilisababishwa na binadamu. Nani angenunua vifaa vya kujikinga? Mhudumu wa kliniki ya kibinafsi, ambaye riziki yake hutegemea ada za wagonjwa, angekula nini milango ikifungwa? Akiambukizwa, nani angegharamia matibabu yake?

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza janga hilo Machi 11, 2020. Hata hivyo, mwongozo wake kuhusu huduma za kinywa ulitolewa Agosti 3, ukishauri huduma zisizo za dharura ziahirishwe katika maeneo yenye maambukizi mengi. Kwa takriban miezi mitano, wengi walilazimika kujiamulia, na maumivu ya jino hayangoji mwongozo. Julai mwaka huo, kifo cha Dkt Doreen Lugaliki jijini Nairobi kiliwadhihirishia wahudumu wote wa afya kwamba hatari haikuwa uvumi. Disemba, madaktari waligoma wakidai, miongoni mwa mambo mengine, vifaa vya kujikinga na bima ya afya.

Nchini Marekani, utafiti uliofanywa Juni 2020 miongoni mwa madaktari wa meno wapatao 2,195 ulibaini kuwa chini ya asilimia moja walikuwa wameambukizwa. Karibu wote walikuwa wameimarisha hatua za kujikinga. Ni bayana basi kuwa mhudumu mwenye vifaa na maelezo sahihi anaweza kufanya kazi hii kwa usalama. Asiye navyo huachiwa bahati nasibu.

WHO ilitangaza mwisho wa dharura hiyo Mei 5, 2023. Huu ndio wakati wa kujiandaa, si siku kisa cha kwanza cha ugonjwa mwingine kitakapotangazwa. Serikali za kaunti, ambazo zimetwikwa jukumu la huduma za afya, ziweke akiba ya vifaa na kuwajumuisha wahudumu wa meno katika mipango ya dharura tangu mwanzo. Wenye kliniki za kibinafsi nao waafikiane mapema na wafanyakazi wao kuhusu malipo na bima.

Sayansi itachelewa tena, hilo haliepukiki. Lakini mashaka ya mshahara, bima na glavu yanaweza kuondolewa leo. Amri za haraka zinazotolewa janga likishabisha hodi hazitoshi. Wahenga walishatuonya kuwa jino la pembe si dawa ya pengo.