Raba za Zawadi

Mwezi huu habari zangu zinaanzia miguuni. Kucha ya kidole gumba cha mguu wangu wa kulia imeng'oka juzi, na aliyesababisha ni mume wangu. Usishtuke, hajanipiga. Alinipenda tu.

Siku ya Wapendanao alirudi na boksi lililofungwa utepe. Ndani kuna raba nyekundu, mpya za dukani, si mitumba ya Karume tuliyoizoea. Namba aliichungulia kwenye viatu vyangu vya kisigino vya ofisini: 38. Nikazijaribu palepale sebuleni, zikabana. Ungekuwa wewe ungesema? Mimi nilimkumbatia, nikajipa moyo kwamba zitaachia.

Hazikuachia, bwana. Wiki mbili baadaye tulikuwa Moshi kwenye nusu marathoni ya Kilimanjaro, kilomita 21. Kupanda kuelekea Mweka nilijikaza. Balaa lilikuwa kushuka: kila hatua vidole vinagonga mbele ya kiatu kama mtu anayebisha hodi. Nilimaliza nikitabasamu kwa ajili ya picha. Kuvua soksi, kucha nyeusi tii.

Daktari aliniambia damu ilikuwa imevilia chini ya kucha. Na kucha ya kidole gumba cha mguu huchukua mwaka hivi, hata mwaka na nusu, kuota yote. Kwa hiyo kandambili za harusini mwaka huu nazitazama kwa macho.

Basi nikajifunza, tena kwa maumivu. Raba nunua jioni, maana kutwa nzima miguu huvimba kidogo, na ukikimbia huvimba zaidi. Nenda na soksi zako za mazoezi. Vaa kiatu miguu yote miwili, halafu simama, usijaribu umekaa. Watu wengi mguu mmoja umezidi mwenzake, na unayetakiwa kumsikiliza ni huo mkubwa. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kisigino kisichomoke. Namba usiiamini sana, 39 ya kiwanda hiki ni 40 ya kingine. Na muuzaji akikwambia "dada, itajiachia yenyewe", rudisha kiatu.

Wapenzi wa mitumba, siwasemi vibaya, nami ni mmoja wenu. Ila sponji ya ndani ya soli huchoka baada ya kilomita kama 500 hadi 800, na huwezi kujua mwenye nazo wa kwanza alikimbia ngapi. Ikunje: raba nzuri hukunjika pale vidole vinapoanzia. Ikikunjika katikati kama chapati, achana nayo. Na mwenye kisukari asifanye mzaha kabisa. Ganzi ya miguu inaweza kumficha kidonda hadi kiharibike.

Mume wangu nilimwambia ukweli kucha ilipong'oka. Alinyamaza, kisha akasema, "Sasa mke wangu, kwa nini hukuniambia siku ileile?" Sikuwa na jibu. Jumamosi jioni tukaenda dukani pamoja, mimi nikapimwa nikatoka na 40. Nikamwambia na yeye apimwe, akacheka, yeye 42 tangu sekondari.

Akapimwa. Ni 44.